Baskeli ya gurudumu kubwa nyuma: niagize ringi ya 36, nitumie ya 28, au nipindishe chuma?

Kijana wa Jambiani: Assalaam alaykum. Nataka kuunda baskeli yangu kuanzia mabomba matupu, gurudumu la nyuma liwe kubwa kuliko la mbele. Njia ninazoziona ni tatu. Niagize ringi na tairi ya inchi 36 kutoka nje, nichukue ringi ya 28 ya baskeli ya Phoenix nyuma na ya 20 mbele, au fundi wa mageti anipindie chuma kwa ukubwa ninaoutaka. Fremu atachomelea huyohuyo fundi. Jumamosi nanunua mabomba. Nichukue ipi?

Fundi Spoki: Waalaykum salaam. Mbona yenye maana umeyaacha? Urefu wako, njia utakayopita, mzigo upo au mwenyewe tu, na breki gani? Bila ya hayo sote tutabahatisha.

Mkaa Pwani: Mie nasema 36, basi. Gurudumu kubwa halizami kwenye mashimo kama dogo. Chuma cha kupinda kitoe akilini kabisa. Ukishakipinda, tairi ya kukivika utaipata wapi?

Fundi Spoki: Hapo kweli. Ringi hufuata tairi, na tairi hutengenezwa kwa vipimo maalumu.

Hesabu Kwanza: Ukichukua 36, usiweke sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) ya kawaida mbele. Baskeli ya 26 yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, uzito wake wa kukanyaga ni karibu sawa na ya 36 yenye meno 32 mbele na 18 nyuma. Ukibaki na 44, hata kilima kidogo utashuka ukokote. Halafu pima nafasi: tairi ya 36 nusu yake ni sentimita 46, kwa hiyo kutoka ekseli ya nyuma hadi krenki ya pedeli usipungue sentimita 50. Fremu ya dukani haitoshi.

Ummu Nassra, Wete: Kaka yangu, ringi ni jambo la mwisho. Angalia kwanza nani anachomelea. Msimu mmoja wa karafuu mume wangu alitengenezewa baskeli ya mzigo, ndefu nyuma, kwa bomba la maji lile la rangi ya fedha. Fundi hakulisugua, alichomelea juu ya ile zinki. Kwa macho ilipendeza, ikapigwa na rangi ya kijani. Siku anateremka na gunia, bomba la upande wa mnyororo likaachia karibu na ekseli. Gurudumu likalala, tairi ikasaga fremu, yeye akaenda mtaroni na karafuu zikamwagika njia nzima. Alivunjika mfupa wa bega. Tulipoiangalia ile sehemu, chuma cha kuchomelea kilikuwa kimekaa juu tu kama nta, chini bomba zima halijaguswa. Tulimrudia fundi, akasema mzigo ulizidi. Mpaka leo hajarudisha hata senti, na bega likipata baridi linamuuma.

Fundi Spoki: Pole sana Ummu Nassra, mpe pole na mzee. Zinki lazima iondolewe kwa grenda, na moshi wake usiuvute, unaleta homa. Bora mkate fremu mbili kuukuu za chuma, yale ni mabomba mazuri kuliko bomba la maji.

Kijana wa Jambiani: Ahsanteni. Urefu wangu sentimita 168. Nitaendea pwani maji yakitoka, na mjini mara mojamoja.

Hesabu Kwanza: Na breki?

Mpenda Phoenix: Weka 28, vipuri vipo sokoni Darajani. Yenye breki za fimbo, zile zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya.

Fundi Spoki: Breki za fimbo zinabana upande wa ndani wa ringi, zinataka ringi yake ile ya zamani. Na tahadhari, 28 si moja. Ya Phoenix ni milimita 635 pale tairi inapokaa kwenye ringi, ile nyembamba ya kisasa inayoandikwa pia 28 ni 622. Watu hununua tairi wakarudi nayo. Hesabu na matundu ya habu, kile kitovu cha gurudumu, yalingane na ya ringi; za zamani nyuma mara nyingi ni 40.

Mpenda Phoenix: Tairi ya 28 ni 28, miaka yote navalisha.

Fundi Spoki: Soma namba ubavuni, sheikh. 635 haikai kwenye 622.

Mkaa Pwani: Mnampoteza kijana. Marekani karne ya 19 walikuwa na baskeli iliyoitwa Star, gurudumu kubwa nyuma, dogo mbele, na watu walikwenda nayo.

Hesabu Kwanza: Dogo mbele likifungwa kwenye fremu ya kawaida linaiinamisha, usukani unakuwa mwepesi mno na mikono inabeba mwili. Mwambie fundi arefushe uma wa mbele au abadilishe pembe ya bomba la kichwa.

Ummu Nassra, Wete: Na chumvi ya pwani? Mnyororo auoshe kwa maji baridi kila akirudi, autie mafuta.



Fundi Spoki: Kijana, breki bado hujasema. Ukiweka 36, ya kukanyaga kinyumenyume ndani ya habu itakufaa, ringi haiguswi.

Kijana wa Jambiani: Hiyo habu inauzwa kiasi gani?