Kuwaita watu wa asili baada ya msimamo kuandikwa si kuwashirikisha, ni usanii!

Wakuu, huu mchezo wa serikali kuita watu wa asili "kutoa maoni" wakati msimamo wa nchi kwenye Umoja wa Mataifa umeshaandikwa na kupigwa muhuri, utaisha lini?

Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili lilipita kwa kura ya Baraza Kuu, New York, tarehe 13 Septemba 2007. Nchi 144 zilikubali, 4 zikakataa (Marekani, Kanada, Australia na New Zealand), 11 hazikuegemea upande wowote, Kenya na Nigeria zikiwemo. Ibara ya 19 inaidai serikali ishauriane nao kwa nia njema, ipate ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili, KABLA ya kupitisha hatua ya kisheria au kiutawala inayowagusa. Hapo wanasheria wa serikali wanajichimbia: eti kura ya New York si sheria wala hatua ya kiutawala. Haya, wasome ya 18, isiyo na kichochoro hicho: haki ya kushiriki maamuzi kwenye mambo yatakayogusa haki zao, kupitia wawakilishi waliowachagua wenyewe kwa taratibu zao. Shirika lenye ofisi mjini halijachaguliwa na mtu. Linaalikwa kwa sababu linajibu barua pepe upesi.

Sasa tazameni karatasi ya mahudhurio: jina, simu, saini ya posho. Baadaye karatasi hiyohiyo inabandikwa nyuma ya ripoti ikiitwa "orodha ya walioshauriwa". Mzee aliyesaini nauli anahesabika ameridhia maandishi yenye ibara 46 ambayo hajawahi kuyaona kwa lugha yake! Wizi mtupu.

Na msidhani ni ugeni. Mwaka 1996, kule Geneva, wawakilishi wa watu wa asili walitoka nje ya kikundi kazi kilichokuwa kinajadili rasimu ya Tamko hilo, maana walinyimwa sauti sawa juu ya maandishi yanayowahusu wao. Dakika za mwisho, kabla ya kura ya 2007, ibara ya 46 ikaongezewa kinga ya mipaka na umoja wa kisiasa wa nchi, matokeo ya mazungumzo ya serikali kwa serikali.

Ila panapouma zaidi ni kwenye maelezo ya kura, karatasi inayoambatana na msimamo ambamo nchi inasema inavyoyaelewa maandishi, na ambayo wengi hawaiulizii. Marekani iligeuza msimamo wake na kuliunga mkono Tamko Desemba 2010, tena baada ya kukutana na viongozi wa makabila. Halafu ikaandika kwamba ridhaa, kwa inavyoelewa yenyewe, ni mashauriano ya maana na viongozi hao, lakini si lazima wakubali. Mkono wa kulia umetoa, wa kushoto umenyang'anya.

Kwa hiyo mkialikwa, daini rasimu ya msimamo mapema, kwa lugha ya jamii, na muda wa kukaa wenyewe bila ofisa chumbani. Muhtasari usainiwe na pande zote mbili, kila hoja ionyeshe imekubaliwa au imekataliwa, na kwa nini. Rasimu ya maelezo ya kura nayo iwe mezani siku ya kwanza. Wakigoma kuitoa, msisaini chochote, hata mahudhurio. Nauli wawape kwa stakabadhi yake peke yake.