Chandarua tunalalia, lakini mbu bado wanatuuma: tunakosea wapi, na mtoto anayevimba apakwe nini?

nyuki_mpole

Habari za humu wakuu. Naomba majibu ya wenye ujuzi wa jambo hili. Kila mtu nyumbani analala kwenye chandarua chenye dawa, na hakijatoboka, lakini miguu imejaa vipele, zaidi vifundoni na kwenye vigimbi. Kwa wakubwa ni kuwashwa siku mbili tatu basi. Kwa mtoto wa miaka minne ni habari nyingine: kipele kimoja kinatanuka hadi upana wa kiganja chake, kinakuwa cha moto, na akishakikuna kinatoa majimaji. Jioni tunachoma koili na kufunga madirisha. Je, tatizo ni chandarua, ni koili, au kuna kitu kingine? Dawa gani ya kujipaka inamfaa mtoto, maana kila kopo linajisifu? Na huo uvimbe utibiwe vipi, ukifika wapi ndipo apelekwe hospitali?

kiluwiluwi

Kabla hujabadilisha chochote, chunguza mnaumwa saa ngapi. Chandarua kinakinga saa za kitandani tu. Kinamlenga hasa Anopheles, mbu wa malaria, ambaye huanza kazi giza likiingia na kukolea kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Culex, yule mwenye kelele sikioni, naye ni wa usiku. Lakini Aedes, mbu wa dengi, anauma mchana kweupe: saa chache baada ya jua kuchomoza, kisha tena alasiri hadi magharibi. Anaruka chini chini, anapenda vifundo na vigimbi, na ni mwepesi kushtuka. Ukitikisa mguu anahama na kuuma pengine, ndiyo maana mbu mmoja anaweza kuacha vipele vitatu vinne. Akitua mtazame: mweusi, ana mistari myeupe miguuni. Kwa maelezo yako namshuku huyu, na hapo chandarua hakina kosa.

Aedes si msafiri. Mara nyingi haendi zaidi ya mita mia chache kutoka alipozaliwa, kwa hiyo anayewauma ametoka kwenu au kwa jirani. Wala hazaliwi kwenye mtaro wa maji machafu kama wengi wanavyodhani. Huko ni kwa Culex. Aedes anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo: pipa, ndoo, sahani ya chini ya chungu cha maua, tairi, kopo lililotupwa, mfereji wa paa ulioziba kwa majani, trei ya nyuma ya friji. Hiyo ya friji watu huisahau kabisa.

Penye joto, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10. Ukimwaga maji kila wiki unamkata kabla hajaota mabawa. Ila kumwaga peke yake hakutoshi. Jike la Aedes halitagi juu ya maji. Linabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanavumilia ukavu kwa miezi. Ukimwaga kisha ukajaza upya, maji yakiyafikia tu yanaanguliwa. Kwa hiyo sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu na sabuni, ukikazania ule mstari ulioachwa na maji, suuza, halafu funika. Mfuniko ubane, au tumia wavu wa dirishani uliofungwa kwa mpira kuzunguka mdomo wa pipa. Mfuniko uliokaa upande unampa mbu maji na kivuli kwa pamoja, yaani umemjengea.

Maji yasiyomwagika kirahisi yawekewe Bti, ile dawa inayotokana na bakteria, inayoua viluwiluwi wanapoila, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Bomba la hewa la shimo la choo lifungwe wavu juu, maana kama Culex nao wapo, hapo ndipo kiwanda chao.

Ndani ya nyumba Aedes hupumzika chini ya kitanda, nyuma ya pazia na kwenye nguo zilizotundikwa kabatini. Ukipuliza dawa ya kopo katikati ya chumba unapulizia hewa. Puliza huko chini na nyuma ya vitu, toka, funga chumba kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha fungua madirisha hewa ipite kabla mtoto hajaingia.

sindano_na_uzi

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila "hakijatoboka" bado hakijamaliza hoja ya chandarua. Mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, mguu au kiwiko kikigusa wavu usiku, mbu anauma akiwa nje. Vyandarua vya duara vinavyoning'inia kwenye kitanzi kimoja hubana upande wa miguuni. Mtu mrefu au mtoto anayegeuka sana anafaa chandarua cha pembe nne. La pili, pindo liingie chini ya godoro pande zote. Likiachwa linaning'inia, mbu anapenya kwa chini. La tatu, kabla ya kuchomeka, pitisha tochi ndani kwenye pembe za juu. Mbu mmoja aliyefungiwa ndani atauma kila mtu usiku huo.

Kufua ndiko kunakoua vyandarua vingi. Vile vya dawa ya muda mrefu vimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi na kutumika kama miaka mitatu. Tumia maji baridi na sabuni ya kawaida, usiloweke, usitie dawa ya kung'arisha nguo, na anika kivulini, maana jua linaharibu dawa iliyo kwenye nyuzi. Maji ya kufulia yasiende mtoni wala kwenye bwawa: dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Kipya kitundikwe kivulini kwa saa 24 kwanza, ndipo kilaliwe.

Na hiyo koili ndani ya chumba kilichofungwa, acheni. Inafukuza mbu kweli, lakini chembe za moshi anazovuta mtoto humo ni nyingi mno. Kama ni lazima, ichomwe nje au kibarazani, upande upepo unakotokea. Ndani, feni inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyoipa heshima. Mbu anaruka polepole, upepo wa feni unamshinda, na pia unatawanya ile hewa chafu tunayoitoa tukipumua, ambayo ndiyo inamwonyesha njia. Panga boi inasaidia, lakini kwa mbu wa vifundoni weka feni ya chini, ielekee miguuni, chini ya meza.

mchaichai_tu

Mnawajaza watu kemikali. Mafuta ya mchaichai yapo, vitunguu saumu vipo, na vidonge vya vitamini B1 mbu hawasogei. Mtoto wa miaka minne umpake DEET, ile kemikali ya kufukuza mbu iliyo kwenye makopo, kweli?

kaunta_ya_dawa

@mchaichai_tu vitunguu saumu na vitamini B1 vimepimwa na havimzuii mbu. Hivyo hivyo bangili za mkononi na vile vifaa vinavyotoa mlio usiosikika. Mafuta ya mchaichai yanafukuza, lakini yanayeyuka haraka: mara nyingi kinga imekwisha ndani ya saa moja au mbili. Yakipakwa bila kuchanganywa yanaunguza ngozi ya mtoto. Asili si kinga ya ukali.

@nyuki_mpole kwenye kopo usisome jina, soma kiambato na asilimia. Vya kutafuta ni vinne: DEET, ikaridini, IR3535, au PMD inayotokana na mkaratusi wa ndimu. Watu wengi hudhani asilimia ni ukali, kumbe ni muda. DEET ya 10% inakinga saa mbili hivi, ya 20 hadi 30% saa nne hadi sita, na ukipita 50% huongezi kitu cha maana. Ikaridini ya 20% inafika saa nane hivi, haina harufu kali na haina mafuta mafuta. Kwa mtoto ndiyo ningeanza nayo. DEET nayo inaruhusiwa kwa watoto waliozidi miezi miwili, ikitumiwa inavyotakiwa. PMD asipakwe mtoto wa chini ya miaka mitatu; wako amevuka. Mchanga wa chini ya miezi miwili asipakwe chochote, kinga yake ni chandarua na nguo.

Upakaji ndiko wengi wanakokosea. Mbu haogopi mguu mzima kwa sababu umepaka goti: palipobaki pakavu sentimita chache ndipo anatua. Mimina kwenye kiganja chako wewe mkubwa, sambaza tabaka jembamba kwenye ngozi yote iliyo wazi, ukikazia vifundo, nyuma ya goti na nyuma ya masikio. Usipulizie usoni. Usimpake mtoto viganjani, atajipangusa machoni au kuvitia mdomoni. Usipake kwenye kidonda wala chini ya nguo. Kama mnatumia mafuta ya kukinga jua, hayo yatangulie, subiri dakika 15 hadi 20, ndipo dawa ya mbu ije juu. Chupa iliyochanganya vyote viwili iache, kwa sababu kinga ya jua hurudiwa kila saa mbili na dawa ya mbu haitakiwi kurudiwa hivyo. Jasho likimtoka sana au akioga, rudia. Akiingia kulala kwenye chandarua, msafishe kwa sabuni.

Tahadhari ndogo: DEET inayeyusha plastiki, kwa hiyo iepushe na fremu za miwani na kioo cha saa.

Nguo zenye permethrini 0.5%, dawa ya kuua wadudu, ni kinga nyingine nzuri, lakini hiyo inapulizwa kwenye nguo tu, zikaushwe kabisa kabla ya kuvaliwa, na paka wawekwe mbali wakati bado mbichi, kwao ni sumu. Soksi na suruali ndefu za rangi ya mwanga, zilizolegea, tayari zinapunguza nusu ya kazi; nguo nyeusi humvuta Aedes, na iliyobana ngozi anaitoboa.

nyuki_mpole

Asanteni sana. Nimeelewa kuhusu mapipa, na kweli tunaumwa zaidi alasiri. Sasa upande wa tiba: kuna tyubu ya betamethasoni ndani, na watu wengine wanashauri dawa ya meno au ndimu. Kipi sahihi?

ngozi_kwanza

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Ndimu ikipakwa kisha ngozi ikapigwa jua inaacha malengelenge na weusi. Dawa ya meno inapoza kidogo kwa sababu ya minti halafu inakwaruza. Betamethasoni ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kali kwa ngozi ya mtoto, ikitumiwa ovyo inaikondesha.

Kinachowasha ni mwili wenyewe ukipambana na mate ya mbu. Unatokea uvimbe mweupe ndani ya dakika chache, unatulia, halafu kesho yake kinakuja kipele kigumu kinachowasha zaidi. Wengi wanadhani wameumwa upya. Watoto huvimba kuliko wakubwa kwa sababu miili yao haijayazoea mate hayo.

Hatua ya kwanza ni kuosha kwa maji na sabuni. Kisha barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10, na inaweza kurudiwa. Kama haitoshi, losheni ya kalamaini, au chukua kijiko kikubwa kimoja cha bikabonati ya kuumulia keki (siyo magadi, hayo yanachoma), tia maji kidogo kidogo hadi iwe uji mzito, paka, acha dakika 10, osha. Haidrokotisoni 1% ndiyo steroidi inayofaa hapa: tabaka jembamba mara mbili kwa siku, isizidi siku 7, si karibu na macho wala juu ya ngozi iliyochubuka. Kwa umri wa huyo mtoto mwonyeshe kwanza mfamasia au daktari. Krimu za kupaka zenye dawa ya aleji ziache, zenyewe huleta aleji ya ngozi.

Anayevimba sana hufaidika zaidi na dawa ya aleji ya kunywa kama setirizini. Mtu mzima ni miligramu 10 mara moja kwa saa 24. Sharubati ya watoto nyingi zina miligramu 5 katika mililita 5, lakini si zote. Soma chupa, na kipimo kwa umri akupe mfamasia, tena kipimwe kwa bomba la sindano la plastiki lisilo na ncha, si kijiko cha chai. Kata kucha zake ziwe fupi. Kipele kilichokwisha kuchubuka kioshwe, kikauke, kifunikwe kwa bandeji nyepesi.

Kutofautisha aleji na maambukizi, angalia saa. Uvimbe wa aleji huja ndani ya saa chache na unawasha kuliko kuuma. Maambukizi huanza siku ya pili au ya tatu, yanauma ukigusa, yanasambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo tumia mgongo wa mkono kupima joto na vidole kupima ugumu, kisha chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu. Ukivuka mstari baada ya saa chache, au kukiwa na usaha, homa, au mchirizi unaopanda mguuni, ni hospitali siku hiyo hiyo. Akivimba midomo au ulimi, akikoroma kwa kubanwa pumzi, au akitapika na kulegea ghafla, usingoje hata dakika.

kaunta_ya_dawa

Nyongeza kwa homa. Malaria haiji kabla ya siku 7 tangu kuumwa, na dengi huchukua siku 4 hadi 10, kwa hiyo homa ya leo hailetwi na mbu wa jana. Apimwe hata kama vipele vimeshapona. Na kwa kuwa mnaumwa na mbu wa mchana, homa isiyopimwa ishushwe kwa parasetamoli peke yake, kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisiguswe mpaka dengi iondolewe, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu.