Mjadala: Kumvurugia mkutano mwanasiasa anayekuunga mkono kunasaidia au kunaharibu?

Ndugu zangu, wanaharakati wakipanda jukwaani kwa mwanasiasa anayewaunga mkono, lawama huwa ni ileile: "Mbona mnamshambulia aliye upande wenu? Kawazomeeni wanaowachukia." Mimi naipinga. Tuanze na kisa kinachotajwa sana na wanaolaumu, cha Bernie Sanders kule Seattle, Marekani, alipokuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais.

Tarehe 8 Agosti 2015 Sanders alikuwa Westlake Park, kwenye mkutano wa kuadhimisha kuanzishwa kwa mfuko wa pensheni na bima ya afya ya wazee. Ndiyo kwanza anaanza kuhutubia, wanawake wawili weusi wa Black Lives Matter, vuguvugu linalopinga watu weusi kuuawa na polisi, walipanda jukwaani na kuchukua kipaza sauti. Kesho yake ungetimia mwaka mmoja tangu Michael Brown, kijana mweusi, auawe kwa risasi na polisi huko Ferguson, nao wakataka watu wakae kimya kumkumbuka. Umati ukazomea, wengine wakapaza sauti wakamatwe. Sanders aliondoka bila kuendelea na hotuba yake.

Hasira za wafuasi wake nazielewa. Huyu ni mtu aliyekamatwa Chicago mwaka 1963 akipinga ubaguzi katika shule. Lakini tazameni kilichofuata. Kesho yake tu, kampeni yake ilichapisha sera kamili ya haki za watu wa rangi, ikigusa mauaji ya polisi na magereza. Jioni ya siku ileile ya Seattle ilishamtambulisha msemaji mpya, Symone Sanders, mwanamke kijana mweusi asiye na undugu naye. Mtaniambia mtu haajiriwi kwa usiku mmoja. Kweli, ila wiki tatu kabla Bernie alikuwa ameshavurugiwa Phoenix, na joto lilikuwa limeshaanza kupanda. Oktoba, kwenye mdahalo wa kwanza wa wagombea wa Democratic, aliulizwa kama maisha ya watu weusi yana thamani au ya watu wote. Alijibu bila kusita kwamba ya watu weusi yana thamani, na akamtaja Sandra Bland, mwanamke mweusi aliyefia mahabusu Texas.

Je, hayo yalimpa kura? Hapana. Februari 2016 Hillary Clinton, mshindani wake ndani ya chama, alimshinda jimbo la South Carolina karibu kura tatu kwa moja. Lakini wale wanawake hawakupanda jukwaani kumtafutia Sanders kura. Naona hapo ndipo wengi mnapochanganya mambo: mnapima harakati kwa mizani ya kampeni.

Kwa nini basi kwa Sanders ilifanya kazi? Kwa maoni yangu, siyo kwa sababu ya kelele. Kura za maoni za kumteua mgombea wa chama zilikuwa bado miezi sita mbele, na Clinton alikuwa akipendwa sana na wapiga kura weusi. Asingeweza kuwapuuza.

Linganisheni na Kamala Harris, makamu wa rais aliyekuwa mgombea urais wa Democratic, Agosti 2024. Kwenye mkutano karibu na Detroit, waliopinga vita vya Gaza walimkatiza, naye akawaambia kwamba kama wanataka Donald Trump ashinde, waseme hivyo. La sivyo, yeye ndiye anayezungumza. Siku mbili baadaye, Arizona, alilegeza sauti na kusema wakati wa kusitisha mapigano umefika. Sera ya Marekani ya kuipa Israeli silaha haikubadilika. Februari ya mwaka huohuo, zaidi ya watu 100,000 wa Michigan walikuwa wamepiga kura ya kutomchagua mgombea yeyote kwenye kura za maoni za chama, kura ambayo Rais Biden, aliyekuwa bado anagombea wakati huo, asingeweza kutoiona. Kufikia Agosti Harris alikuwa ameshapitishwa, hana mshindani ndani ya chama, na upande wa pili yupo Trump. Waandamanaji walibaki na sauti tu, bila cha kumshinikizia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mvurugieni rafiki, lakini mapema, wakati bado anazitafuta kura zenu na anaweza kuzikosa. Adui wa hoja yenu hategemei kura hizo, ndiyo maana kumzomea hakumwumizi.

Linalonisumbua ni wale wa Michigan ambao ndugu zao walikuwa wakiuawa Gaza na Lebanoni mwezi uleule wa Agosti. Mapema kwao ilikuwa imeshapita. Ninyi mnaosema wangenyamaza hadi uchaguzi wa Novemba, mngewaambia nini usoni?