Treni ya Chicago hadi Seattle kabla ya meli ya Alaska, na nani akae na nani mezani?

Binti_Mipango
Habari zenu wadau. Tuko kikundi cha watu 14, ndugu na marafiki mchanganyiko, tumelipia meli ya kwenda Alaska mwezi wa saba, inaondoka Seattle Jumamosi saa kumi jioni, wiki moja halafu inarudi hapo hapo. Wengi wanapanda ndege ila sisi watano tunatoka Chicago na tumekubaliana kwenda na treni, ile ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria Marekani, inaitwa Empire Builder, maana mama mkwe hapandi ndege kabisa na sisi wengine tunataka tu kuona nchi. Kazi ya kupanga yote nimetupiwa mimi, nadhani kwa sababu ndo naongea sana kwenye grupu la WhatsApp.

Sasa maswali. La kwanza, treni inatoka Chicago kila siku alasiri na inalala njiani usiku mara mbili, kwa ratiba ukipanda Alhamisi unafika Seattle Jumamosi kwenye saa tano asubuhi hivi. Shemeji anasema hiyo inatosha sana, tutakuwa na masaa matano mkononi, ya nini kulipa hoteli. Mimi roho haitulii. La pili ndo linaniumiza kichwa kuliko hata treni. Kampuni ya meli inataka niseme kama tutakula chakula cha jioni saa maalum kila siku kwenye meza ile ile, au tutakula muda wowote tunaotaka. Na humu kwenye kikundi kuna mawifi wawili hawasalimiani vizuri tangu harusi ya mwaka juzi, kuna kaka mmoja anakuja peke yake na hamjui mtu zaidi ya mume wangu, kuna wazee wanaolala saa tatu usiku na kuna vijana ambao saa tatu ndo wanaamka. Watatu hawali nguruwe na mmoja hali nyama kabisa. Meza moja watu 14 inawezekana kweli? Nisaidieni kabla sijatoroka kwenye hilo grupu.

Reli_Ndefu
Dada, shemeji yako mwambie hapana, tena mwambie kwa upole lakini usimwachie nafasi ya kujibu. Hiyo treni inakwenda karibu masaa 46, zaidi ya kilomita 3,500, na sehemu kubwa ya reli inayopita siyo ya Amtrak, ni ya BNSF ambao kazi yao ni mizigo. Kwa sheria treni ya abiria ndo inapaswa kupewa kipaumbele, iko hivyo tangu 1973, ila huko nje kuna sehemu njia ni moja tu na treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko ile njia ya kupishana basi hata mwongozaji akitaka hawezi kuiweka pembeni, ni nyie mtakaosubiri. Kuchelewa masaa mawili matatu siyo habari. Halafu hayo masaa matano anayoyahesabu siyo matano. Meli za pale lazima zipeleke orodha ya abiria kwa watu wa forodha na mipaka dakika 60 kabla ya kuondoka, kwa hiyo saa tisa kamili hesabu imefungwa, na kampuni nyingi zinafunga mapema zaidi ya hapo. Pandeni Jumatano mfike Ijumaa, na kama mna nafasi kazini pandeni Jumanne, mama apumzike.

Na msijipe moyo kwamba mkiachwa mtaikimbilia meli bandari inayofuata. Kuna sheria ya 1886 inayozuia meli yenye bendera ya nje (na hizi za kifahari karibu zote zina bendera ya nje) kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani kwenda kumshusha nyingine. Mkipandia Ketchikan, bandari ya Alaska, mkashukia Seattle mmeshaingia kwenye hilo tatizo, kampuni inaweza kuwakatalia kabisa.

Kitu kingine watu hawaambiwi, angalieni meli yenu iko gati gani. Seattle kuna gati 66 ambalo liko pale pale mjini ufukweni, na kuna gati 91 liko kaskazini, ni mbali kidogo. Kila msimu kuna mtu anashushwa na teksi na masanduku yake yote kwenye gati siyo.

kijiko_cha_tatu
Wifi mmoja mpe zamu ya saa kumi na moja na nusu, mwingine saa mbili usiku. Nimemaliza. Asante kwa kunisikiliza 😂

Mama wa Sitaha
Kijiko unacheka lakini umegusa penyewe.

Binti, nimeratibu vikundi melini miaka mingi, ngoja nikwambie ninavyofanya. Meza ya watu 14 usiiombe hata kama wanayo. Meza za ukumbi mkubwa kawaida ni za watu wawili, wanne, sita, nane, mara chache kumi. Wakikuunganishia meza wakupate 14 utakaa na watu wanne unaowasikia, wengine kumi utawaona midomo ikitembea tu, na chakula kitasubiri mpaka yule wa mwisho aamue kati ya samaki na kuku. Omba meza mbili zinazokaribiana, ya watu nane na ya watu sita, zote kwa muda ule ule. Mnasalimiana, mnapiga picha ya pamoja siku ya kwanza, kila meza inaendelea na yake.

Kati ya saa maalum na muda wowote, kwa kikundi chenye wazee mimi nachagua saa maalum zamu ya kwanza. Mhudumu ni yule yule kila siku, ukimwambia siku ya kwanza huyu hali nyama na hawa watatu hawali nguruwe hutarudia tena, siku ya tatu anamletea mama chai yake kabla hajaomba. Ukienda muda wowote unaeleza upya kila jioni, halafu kundi la watu nane bila buking linaambiwa subirini pale. Vijana usiwalazimishe. Waambie meza ni yao wakitaka, wakitaka kula bufee saa nne usiku ruksa, hakuna atakayepiga simu kuwatafuta. Nimeona vikundi vinagombana melini kwa sababu tu kuna mtu alikuwa anahesabu mahudhurio ya chakula cha jioni kama mwalimu wa darasa.

Ila hayo yote hayafanyiki yenyewe. Kila chumba kina namba yake ya buking, na kompyuta yao haijui kwamba nyie ni ndugu. Kusanya namba zote, zipeleke kwa kampuni au wakala wako, sema waziunganishe kwa ajili ya chakula, halafu omba wakutumie uthibitisho kwa maandishi. Hakikisha wote wamechagua zamu moja, maana akitokea mmoja kachagua muda wowote, huyo kompyuta inamweka kivyake. Na siku ya kupanda meli, kabla ya kwenda kushangaa bwawa la kuogelea, nenda kwa mkuu wa ukumbi wa chakula ukaione meza yenyewe kwa macho yako. Siku hiyo mchana kubadilisha ni rahisi, ikifika jioni foleni yake inakuwa ndefu mno.

Suala la nguruwe na la mboga waambie mapema kwa maandishi, wiki kadhaa kabla. Mboga hawana shida. Mwenye kutaka nyama iliyochinjwa kwa sheria ya dini asisubiri afike melini ndo aulize, stoo ishafungwa.

Kaka anayekuja peke yake muweke meza ya mumeo, lakini asikae pembeni kabisa. Muweke katikati, upande mmoja mtu mwongeaji, upande wa pili mtu mkimya. Mtu mgeni ukimuweka kwenye kona anakula haraka anaondoka, siku ya tatu humuoni tena.

Binti_Mipango
Mama wa Sitaha Mungu akubariki, nimescreenshot yote. Reli_Ndefu shemeji nimemtumia maelezo yako, kajibu na dole gumba tu, nadhani kakubali. Tunapanda Jumanne.

Sasa nina wasiwasi na mama humo ndani ya treni. Ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na nasikia yale mabehewa ni ghorofa. Na chakula cha treni kikoje, na sisi tuko watano, tunakaa wote pamoja?

Reli_Ndefu
Ni ghorofa kweli, na kuna jambo la kujua. Kutoka behewa moja kwenda lingine unapita juu tu. Kwa hiyo ukimchukulia mama chumba cha chini (omba hicho, vipo vichache na wakati wa kiangazi vinaisha mapema) atalala bila kupanda ngazi, na vyoo viko huko huko chini, lakini behewa la chakula liko juu. Ngazi zenyewe ni nyembamba na zina kona. Akishindwa, mhudumu wa behewa anaweza kumletea chakula chumbani, mwambieni tu mapema na msisahau kumpa chochote mwisho wa safari. Vile vyumba vidogo vya watu wawili havina choo ndani, vile vikubwa ndo vina choo na bafu. Kwa mtu anayeamka usiku hilo lifikirie.

Ukishakata tiketi ya behewa la kulala, chakula kimo ndani ya nauli. Wanapita kuuliza mtakula jioni saa ngapi, mnachagua. Meza zote ni za watu wanne, wawili wanatazamana na wawili, kwa hiyo nyie watano mmoja wenu anabaki nje. Usifanye wanne na mmoja. Fanya watatu na wawili, na hao wawili wataongezewa wageni maana hawaachi kiti kitupu. Badilishaneni kila mlo. Kwa kweli hiyo ya kuketishwa na watu usiowajua ndo raha ya treni, unakaa na mzee mkulima wa Montana, mnaongea ngano lisaa lizima, na hamtaonana tena maishani. Ila mama akae upande wa njia asikae dirishani, wa dirishani akitaka kutoka lazima amsimamishe mwenzake na treni inayumba.

Usiku wa pili chagueni kula zamu ya mapema. Treni inapita pembezoni mwa Glacier National Park jioni hiyo, na mwezi wa saba jua bado lipo, mtataka muwe mmeshakaa kwenye lile behewa la vioo, la kutazamia mandhari. Na angalieni saa zenu, mtakuwa mmeshavuka kwenda majira ya Mountain, yaani saa moja nyuma ya Chicago, matangazo yote wanatoa kwa saa ya pale mlipo.

Halafu muhimu sana. Usiku wa manane pale Spokane treni inakatwa vipande viwili, kimoja kinakwenda Seattle, kingine Portland. Behewa la chakula linakwenda na nyie, lile la vioo linakwenda Portland. Kama kuna kijana anapenda kusinzia kwenye viti vya vioo, muamsheni arudi chumbani kabla ya hapo.

kijiko_cha_tatu
Kwa hiyo wifi mmoja akisinzia kwenye vioo tatizo la meza limeisha

Binti_Mipango
Kijiko wewe 😂😂 mawifi wote wanakuja na ndege.

Pasi_Mkononi
Mmeongea chakula mmesahau karatasi. Meli zinazotoka Seattle na kurudi Seattle lazima zipite nchi ya nje kwa sababu ya ile sheria ya 1886 aliyoitaja mkuu hapo juu, ndo maana karibu zote zinatia nanga Victoria, Kanada, hata kama ni jioni tu kwa masaa machache. Mwenye green card anahitaji hiyo kadi pamoja na pasipoti ya nchi yake ambayo haijaisha, viza ya Kanada haidaiwi. Mwenye viza ya Marekani tu asijifariji kwamba hatashuka melini, aangalie mapema masharti ya Kanada na ahakikishe viza yake ya Marekani ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Binti, kwa watu 14 pitia mmoja mmoja, usikubali jibu la "mimi niko sawa". Mwambie akutumie picha ya tarehe.

Mama wa Sitaha
Kweli kabisa, na ifanye wiki hii.

Binti kwa vile wenzako wanapenda treni, mkifika Skagway, bandari nyingine ya Alaska, kuna reli ya zamani ya White Pass, ilijengwa 1898 hadi 1900 wakati watu wanakimbilia dhahabu, njia nyembamba, inapanda mpaka mita 873 hivi kwa mwendo wa kilomita 32. Hiyo kateni mapema, inajaa. Mama mkwe ataipenda, anakaa tu na milima inakuja dirishani. Kupanda kaeni kushoto. Wakati wa kurudi huwa wanaomba watu wabadilishane upande ili kila mtu aone, kwa hiyo msigombee viti.

Binti_Mipango
Hiyo sikuijua kabisa. Basi nimeshaomba namba za buking kwa wote, tisa wamejibu, na pasipoti moja inaisha mwezi wa sita. Ya shemeji.