Boti ya mtumba futi 19 imekuwa nzito: niongeze mwendo vipi bila kununua mashine mpya?

MajiTudor
Assalamu aleikum wadau. Nina boti ya faiba ya futi 19, ya mtumba, inalala majini hapa Tudor, Mombasa. Mashine ni Yamaha ya nguvu za farasi 85, ya tu-stroku, silinda tatu, propela ya alumini pichi 17 (inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), uwiano wa gia 2.00 (mashine ikizunguka mara mbili, propela mara moja). Nikiwa na watu wawili na lita 50 za petroli, nikifungua mafuta mpaka mwisho napata noti 22 (maili za baharini kwa saa) kwa GPS ya simu, na mizunguko haipiti 4300 kwa dakika. Mfuko hauruhusu mashine ya 115. Kuna jamaa anasema nitie propela ya pichi 19 kwa kuwa pichi kubwa ndiyo mbio. Ni kweli? Na kwa pesa kidogo nianze wapi?

FundiWaTezi
Waaleikum salaam. Pichi 19 iache huko huko dukani. Mashine hiyo, mafuta yakiwa mwisho, inatakiwa izunguke kati ya 4500 na 5500. Wewe hata mpaka wa chini hujaufikia, yaani imelemewa. Kila inchi moja ya pichi ukiongeza inashusha mizunguko kama 150 hadi 200. Utapata boti nzito zaidi na mashine itakayopata joto na kaboni mpaka pistoni ziharibike.

Piga hesabu hii kwanza. Mizunguko mara pichi, gawa kwa uwiano wa gia mara 1215, unapata noti ambazo propela ingetoa kama maji yangekuwa hayatelezi. Kwako: 4300 × 17 = 73,100; gawa kwa 2430, jibu ni noti 30. Wewe unapata 22, kwa hiyo asilimia 27 inapotea. Boti nyepesi iliyo safi hupoteza 10 hadi 15, nzito yenye mizigo labda 20. Asilimia 27 maana yake kuna kitu kinaivuta boti nyuma, ama propela yenyewe haishiki maji.

Pima vizuri lakini. Mkondo wa hapo Tudor unadanganya sana: ngoja maji yasimame, kimbiza kwenda na kurudi njia ile ile, chukua wastani. Watu wale wale, mafuta yale yale kila mara. Na usibadilishe vitu viwili kwa siku moja, hutajua kipi kimesaidia.

Kisha anza na chini ya boti. Inayolala majini huku kwetu hushika mwani na magamba upesi, na hata ule utelezi mwembamba peke yake unakula mwendo. Ipandishe wakati wa bamvua, maji yakiwa juu kabisa, yakitoka unayo masaa ya kufanya kazi. Kwangua kwa plastiki ngumu au ubao, si patasi, maana jelkoti (lile ganda laini la nje) ikichanika faiba itanywa maji. Kama rangi ya zamani imekuwa tabaka juu ya tabaka na inabanduka vipande, msasa wa maji namba 80 uiteremshe, umalizie na 220, halafu rangi mpya ya kuzuia magamba. Rangi yenye shaba usiipake kwenye mguu wa mashine. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi zinakulana. Zinki nayo (kile kipande kinacholiwa badala ya alumini) isiguswe na rangi yoyote, ikipakwa haifanyi kazi tena. (Deheni, yale mafuta ya kupaka vyombo, ni ya jahazi la mbao, kabla mtu hajaileta hapa.)

Propela: angalia kingo za pala. Kipande kidogo kilichomegwa na mwamba au pala iliyopinda kidogo tu inatosha kukupotezea noti kadhaa, na kunyoosha alumini ni rahisi kuliko kununua. Halafu kagua ile raba ya ndani: chora mstari wa rangi moja kwa moja kutoka kitovu cha kati mpaka kwenye ganda la nje, kimbiza boti kwa nguvu, rudi utazame. Mistari ikiachana, raba inateleza. Dalili yake mizunguko inaruka juu ghafla na boti haiendi, lakini ikianza kidogo kidogo huitambui kwa sikio. Ukiirudisha propela paka grisi ya baharini kwenye shafti, na spliti pini iwe mpya.

Kilindini_Mekanika
Naongezea upande wa mashine, maana 4300 inaweza kutoka huko pia. Kitu cha bure kabisa: mashine ikiwa imezimwa, ondoa kifuniko cha hewa, mwenzako asukume lever ya mafuta mpaka mwisho, utazame vipepeo (vile vibamba vya kufungulia hewa) vya kabureta zote tatu. Viwe vimelala wazi kabisa, na kwa pamoja. Kebo iliyovutika inakuachia robo tatu tu, na mtu anazunguka kutafuta propela.

Kisha komprasheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Mashine iwe ya moto, toa plagi zote tatu, waya zake zigusishe mwili wa mashine, mafuta wazi, zungusha mpaka geji isimame. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, usitumie hata shilingi kwa mwendo kabla ya kujua kwa nini.

Mafuta: 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Kuna wanaozidisha oili eti mashine ni kuukuu. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti (kitundu cha kabureta) inapungua, na kaboni inajaa. Ile balbu ya mkono ya kusukumia petroli ikinywea ukiwa kasi, kuna kizuizi kati yake na tangi: tundu la hewa la tangi au mpira uliooza ndani.

MajiTudor
Shukrani sana. Kuna aliyeniambia pia nipandishe mashine juu tundu moja la boliti zinazoishikilia. Nitajuaje nimezidisha?

OmoJuu
Weka ubao ulionyooka chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) urefuke mpaka nyuma. Lile bamba lililo juu ya propela liwe sawa na ubao au juu yake kwa inchi moja. Wengi wa mtumba wameliacha chini mno, mguu unazama na kuburuta. Tundu moja ni takriban milimita 19. Umezidisha ukiona propela inavuta hewa kwenye kona, au maji ya kupoza yanapungua pale yanapotoka. Hilo la pili usilichukulie mzaha.

Ubao huo huo uweke pia chini ya boti, mita moja na nusu ya mwisho kuelekea tezi, yaani nyuma. Hapo chini pakiwa pamebonyea ndani hata milimita 3 au 4, kwa kawaida ni trela iliyokaa vibaya, omo (mbele ya boti) inalazimishwa chini na kasi inakufa. Inajazwa kwa epoksi na faiba. Kingo ya nyuma iwe kali, isiwe mviringo.

Na uzito. Toboa tundu dogo kwenye sakafu ya ndani mnayoikanyaga, si chini ya boti, angalia kama povu la ndani limelowa. Lita moja ya maji ni kilo nzima, na povu kuukuu linabeba makumi ya kilo bila wewe kuona.

SkipaMtwapa
Mkimaliza, atie stenlesi. Pala nyembamba, haipindi, noti moja au mbili zinaongezeka.

FundiWaTezi
Kweli inaongeza. Ila kwa anayetoka kwenye mlango wa miamba, alumini ikigonga inavunjika pala. Stenlesi ikigonga, gia zinaweza kuvunjika. Bei ya gia unaijua.

MajiTudor, ukisafisha na bado hujafika 5000, shuka pichi 15, si kupanda. Ukifika 5200 na hiyo 17 na upotevu ukawa asilimia 15, utasoma karibu noti 31. Anayekuahidi 40 kwa mashine hiyo anauza kitu. Chukua waya wa kuzimia mashine uufunge mkononi kabla ya kujaribu, na trimu (pembe ya mashine) usiiache juu mpaka omo inarukaruka. Ikianza, rudisha chini kidogo tu kutoka hapo.