Mjadala: Mama aliyejifungua aanze kutibiwa damu ikifika mililita 300, au tusubiri 500?

Mleta mada: Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilibadili kipimo cha kuvuja damu baada ya kujifungua. Zamani tulisubiri mililita 500. Sasa aliyejifungua kwa njia ya kawaida anatibiwa kuanzia 300, ikiwa ana dalili mojawapo: mapigo zaidi ya 100 kwa dakika, presha namba ya juu chini ya 100 au ya chini chini ya 60, au mapigo yanayozidi ile namba ya juu. Ikifika 500 anatibiwa hata bila dalili. Zahanati zetu zifuate mara moja?

Mkunga wa leba: Zifuate jana! Tatizo ni kukadiria kwa macho. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutolewa 2023, ulitumia shuka ya plastiki inayowekwa chini ya mama, yenye mfuko wa vipimo wa kukusanyia damu. Waliovuja walitambuliwa 93%, dhidi ya 51% kule kwenye utaratibu wa kawaida. Waliopoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya kuvuja au kufa kwa kuvuja walikuwa 1.6%, dhidi ya 4.3%. Na alama ya 300 ilikuwemo kwenye shuka hiyo.

Tabibu wa kituo: Mkuu, mbona unaisifia shuka peke yake? Mfuko wa kukusanyia damu ulijaribiwa nchi 13 za Ulaya, matokeo yakatoka 2010: kuvuja kukali hakukupungua. Mfuko unapima tu, hautibu. Halafu mapigo 105 baada ya uchungu wa saa kumi na mbili ni jambo la kawaida. Homa, maumivu na upungufu wa maji vyote vinayapandisha. Utawatundikia dripu wengi wasiohitaji.

Mkunga wa leba: Dalili peke yake haitoshi, lazima na damu iwe imefika 300. Na tiba inakwenda kwa pamoja, ndani ya dakika 15: kukanda mfuko wa uzazi hadi ukaze, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) yuniti 10 ndani ya dripu ya mililita 200–500 kwa dakika 10, kisha yuniti 20 ndani ya lita moja kwa saa nne, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu iendelee kuganda) gramu 1 kwa dakika 10, maji ya mshipa, kumwaga mkojo, kuangalia kondo la nyuma kama limetoka lote, na kutafuta michaniko. Mfuko wa uzazi umekaza na damu bado inatiririka? Tafuta mchaniko, usiongeze oksitosini. Shuka nayo ina makosa yake: mfuko ukifunguliwa kabla mtoto hajatoka, unajaa maji ya uzazi na namba yote inakuwa ya uongo.

Mfamasia: Mnasahau friji. Oksitosini inakaa nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda dirishani kwenye joto inapungua nguvu, nanyi mtadhani mama hasikii dawa. Traneksamiki ianze ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban 10%. Ikiwa bado anavuja baada ya dakika 30, rudia gramu 1. Tafadhali, vichupa vyake vikae mbali na vya dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Vinafanana, na traneksamiki imewahi kudungwa kwenye uti wa mgongo kimakosa. Hiyo inaua.

Tabibu wa kituo: Hapo sipingi. Ninachopinga ni agizo la siku moja nchi nzima. Kipimo cha 300 kinataka mapigo na presha kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Mkunga mmoja ana wazazi watatu usiku, mashine ya presha moja, betri imekwisha. Bila kupima dalili, kwake bado ni 500 tu.

Mkunga wa leba: Basi agizo lianze na mashine ya presha na mtu wa pili wa zamu, shuka zifuate. Ila usitumie uhaba huo kutetea kukadiria kwa macho.

Tabibu wa kituo: Sawa. Na waliojifungua kwa upasuaji msiwaingize humu. E-MOTIVE haikuwahusu.