Chembe ya moyo SIYO moyo! Yule daktari kamcheka mama yangu

Wakuu, nimetoka hospitali sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Daktari mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kalamu tatu mfukoni.

Mama kaingia, kashika hapa juu ya kitovu, chini ya kidari, kasema kwa upole: "Mwanangu, chembe ya moyo inaniuma, nikila pilipili ndo silali." Jamaa kacheka! Kacheka mpaka nesi wa chumba cha sindano kaja kuchungulia. "Bibi, moyo hauna chembe." Halafu kaandika kipimo cha moyo. Mkono wa mtu uko tumboni!

Chembe ya moyo ni pale mbavu zinapoachana. Nyuma yake tumbo la chakula, nyuma zaidi kongosho. Huyu Kiswahili kakiacha getini siku ya kwanza ya chuo. Ukimwambia una kidole tumbo atakufunga bandeji ya kidole!

"Moyo hauna chembe." Mbele ya foleni nzima. Mama wa miaka 67!

Mpwapwa_Juu: Huyo huyo! Nilimwambia kinena kinauma, akaanza kunikagua goti.

Dada_wa_Maabara: Kwa umri wa mama kupima moyo si kosa, maumivu ya moyo hujitokeza hapo hapo pia. Kosa ni kumcheka.

Mleta uzi: Apime hata kope! Kwa nini acheke? "Moyo hauna chembe", dada, kairudia mara mbili!

Chuma_Chakavu: Na wewe ulikuwa wapi? Humo ndani ulinywea, huku simba.

Mleta uzi: Nilisema! Akaniambia nisubiri nje.

Chuma_Chakavu: Ukasubiri nje. Haya.

Binti_Mtwara: Tukiwa hapo hapo, wengu na bandama si kitu kimoja? Ticha wa bayolojia alininyima maksi 2 kwa kuandika bandama.

Dada_wa_Maabara: Kitu kimoja, kushoto chini ya mbavu. Alikuonea.

Mpwapwa_Juu: Maksi 2 tu unalia? Muuza supu wa stendi ananikatia bandama, ananitoza bei ya maini!

Kobe_Mkimbizi: Yule wa kofia nyekundu? Utumbo wake haoshi, nilikuta nyasi.

Mleta uzi: Jamani, mama yangu...

Mpwapwa_Juu: Nyasi! Na limao anauza kando.